Kitana Nilichokitoa Schaerbeek

Wenzangu wa kwaya, najua mna kinyongo nami. Mliimba kwetu siku mbili, mkaniona nikishuka garini na kopo la biskuti mkononi, mkajua kilichomo, kisha hakuna hata mmoja wenu aliyeitwa makaburini. Tangu siku ile, kila Jumamosi baada ya mazoezi, yuko anayenivuta pembeni na kuniuliza tulimzika wapi mdogo wangu na mbona tuliwaficha. Nikianza kueleza nalia, mnaniletea maji, na habari inakatika palepale. Ndiyo maana nimeandika. Habari za visa na tikiti asiniulize mtu, hizo nimezisahau kwa makusudi.

Kasulo

Nyumba yetu mnaijua. Katikati ya sebule, chini ya mkeka na mbao nne nene, kulikuwa na shimo. Mdogo wangu Kabeya alilichimba peke yake wakati ule Kasulo nzima ilipokuwa ikichimba chini ya vitanda vyake. Alichonga vidato ukutani vya kupandia na kushukia, akavipima kwa miguu yake mirefu kama ya korongo. Siku moja nilijaribu kushuka nione anachokifanya huko chini. Mguu wangu haukukifikia kidato cha pili, nikabaki nimening'inia, na yeye yuko chini gizani anacheka hadi anakohoa, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, panda! Hii shimo haikukupima weye!"

Kobalti ya shimo hilo, madini ya kutengenezea betri, ndiyo iliyompeleka Ulaya. Alipoondoka tulilifunika, Mama akaweka viti vyake juu, maisha yakaendelea. Miaka sita alikuwa akitupigia simu kila Jumapili. Mwaka wa mwisho sauti yake ilipungua, akasema ni baridi ya Bruxelles. Halafu mama mmoja wa kwetu anayekaa Laeken, mtaa wa huko, Mama Odile, akapiga simu badala yake. Kabeya alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa damu, na serikali ya mtaa ilikuwa imekwisha kumzika kabla namba zetu hazijapatikana.

Mama aliondoa viti, akatandika mkeka juu ya zile mbao, akalala. Alikataa kitanda, alikataa kusuka nywele, kuoga ni kwa kubembelezwa. Sisi watu wa Kasai, hata tuliozaliwa hapa Kolwezi, mtu wetu akifia mbali tunaletewa nywele na kucha zake tuzizike nyumbani, ndipo kilio kinatoka na msiba unaisha. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo safari ilikuwa yangu.

"Nywele," Mama aliniambia bila kuinua kichwa. "Ao kucha. Usiniletee budongo ya kule. Budongo iko mingi hapa Kasulo, tuliuzishaka mpaka tulichoka."

Barabara ya Lubumbashi

Kabla ya kufika Likasi tulisimama kwa saa sita. Lori la asidi lilikuwa limelala kifudifudi barabarani, na hakuna aliyethubutu kusogea karibu. Nyuma yetu malori ya shaba yalijipanga hadi macho yakachoka kuyahesabu. Tulikula mahindi ya kuchemsha na karanga za watu tusiowajua.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama muuza samaki wa ziwa la Nzilo, na beseni lake lilikuwa limechukua nafasi ya miguu yangu yote miwili. Nilikuwa nimeanza kumnunia. Aliponiuliza ninakwenda wapi nilimweleza habari yote ya nywele kwa ukali, ili anyamaze. Badala yake akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama, ukifika uangalie kitana," alisema. "Mutu anaweza kufua nguo, anaweza kufagia nyumba. Lakini banaume habasafishaka kitana."

Akanifungia samaki wakavu sita kwenye gazeti, akakataa shukrani. Samaki wale waliniaibisha uwanja wa ndege wa Addis Ababa, ambako ndege ilichelewa kwa saa kumi na mimi niko kwenye kiti cha chuma. Bwana mmoja mwenye suti alihama viti vitatu kwa ajili ya harufu yao. Nilijifanya mimi ndiye ninayekerwa, nikawa namtazama yeye kama kwamba harufu imetoka kwake.

Matonge

Bruxelles nilifikia mtaa wa Matonge, kwa Tata Floribert, mzee aliyezaliwa Musonoi kwetu Kolwezi. Wakubwa kati yenu mnamkumbuka, aliimba besi yetu kabla ya kuondoka. Sauti bado anayo, meno ndiyo yamepungua. Alipowaona samaki wa Nzilo aliwanusa kwanza, akawanusa tena. Mkewe alisonga bukari, ugali wetu, kwa semolina, nyeupe sana na laini mno, na sombe ya majani ya muhogo iliyotoka kwenye friza ikiwa ngumu kama tofali. Tulikula tukimsifu Mungu, kila mtu akijua moyoni kwamba ile si bukari.

Matonge ni mtaa wetu kwa jina tu. Unasikia Kilingala, unaona ndizi na wigi dirishani, ukikunja kona moja tu wazungu wanakunywa kahawa nje kwenye baridi, kwa hiari yao. Tata Floribert alinipeleka kwa kinyozi aliyekuwa akimnyoa Kabeya zamani. Niliinama kutazama sakafu. Ilikuwa inang'aa.

"Tunafagia kila saa, mama," kinyozi alisema. "Tena yeye hakukujaka hapa karibu mwaka muzima. Nilizania alipata kinyozi mwingine."

Alinitajia bibi mmoja wa Uccle ambaye Kabeya alikuwa akimtunzia bustani, na nyumba aliyokaa Molenbeek, ng'ambo ya mfereji. Nikayaandika yote kwenye daftari langu la shule.

Uccle

Kwenda Uccle nilipanda tramu vizuri, ila upande wa kwenda kwingine. Mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto ramani, lakini nilifika mwisho wa reli dereva akazima taa, ndipo nilipokubali kuuliza. Nilifika kwa yule bibi nikiwa nimechelewa kwa saa mbili.

Huko nyumba ni kubwa na barabara ni tupu. Nyua zimekatwa kama kwa rula. Gari linachajiwa kwa waya nje ya geti, halitoi hata sauti, na mimi nikasimama mbele yake nikiwaza betri yake ina vumbi la sebule ya nani.

Bibi alikuwa mzungu mzee. Alidhani nimekuja kudai mshahara wa Kabeya, nikadhani anataka kunifukuza, tukapoteza robo saa mlangoni kwa adabu tupu. Mwishowe aliniingiza ndani, akanipa kahawa, akaleta glavu za bustani za mdogo wangu zikiwa zimefungwa utepe.

"Nimezifua mara mbili," alisema. "Nimezipiga pasi."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Ndani ya glavu zile, kwenye ncha za vidole, huenda kulikuwa na kipande cha ukucha, hata kidogo kama punje. Sikuweza kumwambia. Alikuwa analia yeye pia, na alikuwa amefua kwa upendo.

"Alikuwa na heshima sana," akaendelea. "Hata ndani ya nyumba hakuvua kofia. Nilijua ni desturi yenu, sikumuuliza."

Hilo lilinikera. Kwetu ni nani anayeingia nyumbani mwa mtu mzima na kofia kichwani? Nikasema moyoni kwamba Kabeya ameharibika huku, ametuaibisha. Mnisamehe. Nilimkasirikia marehemu kwa ajili ya kofia, na sikujiuliza hata kidogo kwa nini aliivaa.

Ng'ambo ya mfereji

Molenbeek ni dunia nyingine kabisa, mwendo wa dakika chache tu kutoka katikati ya mji. Maduka ya vitambaa vya harusi, vyungu vya zeituni, akina mama wenye hijabu wanabishana bei kama sokoni kwetu. Niliipenda. Mwenye nyumba ya Kabeya ni mzee wa Kimoroko, na mkewe hakunisikiliza mpaka nilipomaliza bakuli la supu ya dengu na tende tatu.

Walinipandisha kuona chumba. Kuta nyeupe, harufu ya rangi mpya, dirisha wazi. Godoro lilichukuliwa na gari la taka.

"Tumeosha kila kitu," mzee alisema, mkono kifuani. "Kwa kumheshimu."

Nikaketi kwenye ngazi. Kila mtaa niliokwenda, watu wazuri walikuwa wamemfuta mdogo wangu kwa maji na sabuni. Nimetoka mahali ambapo hakuna kinachofunikwa, mashimo yako wazi hadi mlangoni mwa kanisa, nikafika kwenye mji ambao mtu anakufa na kabla kilio chake hakijatoka ukuta wake unanuka rangi. Nililia kwa sauti kubwa. Mama yule wa Kimoroko aliketi kando yangu na kulia bila kuuliza. Baadaye mzee alinieleza kwamba mwishoni ngazi zilimshinda Kabeya, akaacha godoro akahamia Schaerbeek, chumba cha chini, karibu na hospitali.

Schaerbeek

Hicho chumba Kabeya alikuwa akikaa na Dieumerci, kijana wa Likasi anayesambaza chakula kwa baiskeli. Alinipokea kwa mikono miwili, akiwa amepiga goti kidogo kama alivyolelewa. Vitanda viwili, kimoja hakina shuka. Alinionyesha begi la Kabeya: Biblia, sweta, viatu. Nilivigeuza vyote. Vilikuwa vimefuliwa.

Ndipo nilipoinua macho nikakiona. Juu ya kirafu cha sinki, kitana cheusi cha plastiki, na kati ya meno yake nywele. Nyeusi, fupi, za kujisokota. Yule mama wa Nzilo alinijia palepale, na beseni lake, na sauti yake. Nilikirukia. Nilikikumbatia kifuani nikamwita mdogo wangu kwa jina ambalo mama peke yake anamwita, nikaanguka magoti chini.

Dieumerci alinitazama. Aligeuka, akatafuta chini ya kitanda. Akaniletea kopo tupu la biskuti.

"Chukua, yaya," alisema. "Chukua tu."

Nilipiga simu nyumbani nikiwa bado barabarani, miguu kwenye mvua. Nikamwambia Mama nimepata. Nilisikia sauti yake ikiwa mbali na simu, anaagiza maji ya moto ya kuoga. Mara ya kwanza kuagiza mwenyewe. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, na nawaambia hili mjue baadaye nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Laeken

Mama Odile, yule aliyetupigia simu, alikuwa Liège kwa binti yake aliyejifungua, namba yake haipatikani, akarudi siku yangu ya mwisho. Tulikwenda pamoja makaburini. Kumelimwa vizuri, majani yamekatwa, na Kabeya yuko kwenye mstari na wengine, kibao cha mbao, jina na namba. Niliketi pale nikamsalimia. Nilimpa habari za kila mtu, na za kwaya pia, kwamba sauti ya tatu bado inashuka.

Nyumbani kwake Mama Odile alinitengea chai, akaniambia siku za mwisho zilivyokuwa. Alikuwa akienda hospitali kila Jumapili baada ya misa. Kisha akafungua simu yake ili anionyeshe picha.

Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kipara. Hakuna nyusi. Kiling'aa kama yai, na macho makubwa yananicheka.

"Dawa ilimaliza nywele yote," Mama Odile alisema. "Mwaka muzima hakukuwa na hata moja. Njo maana alivaaka kofia, alisikia haya."

Nilikuwa na kopo la biskuti kwenye mkoba wangu, juu ya mapaja. Nilihisi likipata uzito. Nilimuuliza habari za kucha.

Aliweka kikombe chini.

"Nilimukata kucha miye mwenyewe, Jumapili ya mwisho. Bidole kumi. Nikatupa mu poubelle. Ee mama, nilisahau desturi. Niko huku miaka mingi, nilisahau."

Tulishikana pale jikoni, watu wazima wawili, tukilia kwa ajili ya pipa la taka lililokwisha kumwagwa miezi iliyopita.

Addis tena

Kwenye kile kiti cha chuma nilimpigia Dieumerci. Nilimuuliza kitana ni cha nani.

"Ni yangu, yaya. Ningekuambia namna gani? Ulikuwa chini, unalia, unakumbatia kitana. Miye mutoto, weye mukubwa. Nilisema acha aende nayo, nitauza ingine."

Katanga yetu mnaijua, kuuza ni kununua vilevile, na kwa kitana kimoja hakuna anayelalamika. Lakini nilipomwambia nimekichukua ili tukizike, alipiga kelele hadi abiria wa karibu wakageuka.

"Hapana, yaya! Musizike! Miye niko muzima! Mama yangu eko Likasi, eko ananingojea!"

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Kuzika nywele za mtu aliye hai, kumwimbia, kumtupia udongo, ni kumtanguliza kaburini. Hata sisi tunaosali tunalijua hilo, na hakuna anayetaka kulijaribu. Kwa saa nane nilikaa na lile kopo. Nikinyamaza, Mama atapata pumziko lake, na mtoto wa mwanamke mwingine atakuwa amezikwa Kasulo. Nikisema, Mama atarudi mkekani, na safari hii hatainuka. Nawaambia ukweli, niliwaza kunyamaza. Niliwaza hivyo hadi Lubumbashi, na njia nzima ya kurudi Kolwezi, na nilipowasikia mkiimba nilikuwa bado nawaza hivyo.

Mbao nne

Mnakumbuka Mama alisimama mlangoni amejifunga kitenge kipya. Alipokea kopo kwa mikono miwili, akalishika shavuni. Nilimvuta jikoni.

"Mama, hii nywele haiko ya Kabeya."

"Ya nani?"

"Ya mutoto mumoja wa Likasi. Eko muzima. Nilikosea."

Alilitua kopo mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga asiamke.

"Ulitaka nizike mutoto ya mwenzangu?"

Nilimweleza yote, glavu, rangi ya ukutani, kofia, kucha kumi. Aliposikia za kucha aliziba masikio. Kisha akapita mbele yangu, akaingia sebuleni, akafunga mlango wa uwanjani mlikokuwa ninyi. Aliukunja mkeka aliolalia miezi yote ile. Akawaambia wajomba wainue mbao.

Hewa baridi ilitoka chini. Mjomba akamulika tochi, na vidato vikaonekana, kulia, kushoto, kulia, vinashuka hadi mwanga unapoishia. Kando ya kila kimoja ukuta ulikuwa laini na mweusi, pale alipokuwa akiegemeza kiganja kila siku kwa miaka miwili.

"Shuka," Mama aliniambia.

Niliketi ukingoni, nikashusha mguu. Kidato cha kwanza nilikipata. Cha pili sikukifikia. Nilinyoosha hadi kiuno kikauma, nikabaki nimening'inia palepale pa zamani, na safari hii hakuna aliyecheka huko chini.

"Unaona?" Mama alisema juu yangu, na sauti yake ilikuwa inavunjika. "Hakuna mutu mwingine anaingiaka humu. Ni kipimo yake. Nilikutuma Bulaya, na miye nilikuwa ninalala juu yake."

Wakanivuta juu. Mama alilala kifudifudi, akatia mkono shimoni, akaipapasa alama ya kwanza ya kiganja cha Kabeya ukutani muda mrefu. Kisha akainuka na kusema shimo lijazwe.

Kitana kiko kwangu, kimefungwa ndani ya kitambaa safi, kinangoja mtu wa kwenda Bruxelles akirudishe kwa mwenyewe. Mama amesukwa, mmemwona kanisani. Kitanda chake amekihamishia sebuleni, mahali palepale.

Na kinyongo chenu sasa kiishe. Siku ile mlango ulipofunguliwa mliambiwa kwamba tunaziba shimo, nyumba isituangukie, na mkaombwa kusaidia. Mlikwenda kuleta mabeseni yenu wenyewe. Mlijipanga mstari kutoka kwenye lundo la udongo la nyuma ya choo hadi sebuleni, mkapokezana, na kwa kuwa kazi ilikuwa nzito mkaanza kuimba, sauti zote nne, mpaka beseni la mwisho. Mnauliza mbona hamkuitwa kumzika Kabeya. Mlimzika ninyi.